Risala ya Kikundi cha Damu Nyepesi Kuhusu Vidonge vya Jepkosgei

Mgeni rasmi, Profesa Gathii, mkuu wa utafiti wa damu kuganda; Sista Kabura na wenzako wa chumba cha dawa; wazee, akina mama, na nyote mlioketi chini ya hema hili:

MAKARIBISHO

Karibu Kitale. Tunakukaribisha pia kwa niaba ya wenzetu wa Bungoma, ambao wametoka makwao kabla jogoo hajawika ili wasikukose. Tumesikia umekuja kuumaliza utafiti mapema, kutupa vyeti na kutushukuru. Vyeti tutavipokea kwa mikono miwili. Shukrani tunaomba uziweke kando kidogo mpaka tumalize kusoma, kwa sababu huenda baadaye usitake kuzitoa.

Anayekusomea ni Phelista Nasambu wa Myanga, mweka hazina wetu. Utamsikia akitajwa humu kwa jina lake, kama mtu mwingine. Tuliandika hivyo makusudi. Mara mbili alijaribu kuisoma kwa kusema "mimi", na mara mbili alikwama palepale. Akisoma habari za Phelista, anafika mwisho.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu wa miguu iliyovimba. Kabla hamjaja, kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Mmoja aliambiwa amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni na jirani, wakagombana na huyo jirani mwaka mzima. Phelista alichuliwa wiki tatu kwa maji ya moto na mafuta. Aliyemchua ni wifi yake, mwanamke wa mikono yenye nguvu na moyo mwema, na kadiri alivyomchua ndivyo mguu ulivyozidi kujaa. Sista Kabura alipouona alisema, "Mama, huu mguu usiguswe tena. Kuna donge la damu ndani. Likisukumwa linapanda kwa mapafu, na hapo hatukupati." Phelista alirudi nyumbani akayarudia maneno hayo, na wifi yake alilia siku nzima.

Mlifungua vyumba viwili, kimoja Bungoma na kimoja Kitale. Mashine ya picha, ile ya kupakwa mafuta baridi mguuni, ilikuwa moja tu, ikawa hapa. Kwa hiyo kila wiki ya nne, Jumatatu, tulikutana wote Kitale. Tulikuwa watu mia moja na arobaini. Bahasha ndizo zilizotugawa, kwa bahati nasibu: sabini wakapewa kidonge cha zamani, ambacho hakimezwi bila damu kupimwa kila mara, na sabini wakapewa kidonge kipya, kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kupimwa. Sisi ni wa kidonge kipya. Kikundi kilianza na watu saba kwa sababu benchi la dirishani linakaa watu saba, hakuna sababu nyingine. Jina la Damu Nyepesi alilitoa Bethwel Kiptum, mkulima wa mahindi kutoka Kwanza, mtu ambaye hata foleni ya choo ilimpa cha kuchekea.

MAFANIKIO

Mafanikio yalikuwepo, na hatutayaficha. Miguu ilipungua. Phelista alirudi sokoni Myanga na kusimama tangu asubuhi hadi saa kumi. Bethwel alikuja kliniki amevaa gumboots kwenye jua kali, na kila aliyeingia alionyeshwa jinsi zinavyoingia bila kuvutwa.

Hatukukosa kliniki hata mara moja. Kila tulipokuja tulirudisha vikopo vya dawa mkahesabu vidonge vilivyobaki, na hesabu yetu siku zote ilikuwa safi. Siku moja Sista Kabura alitusifu mbele ya wote. "Hawa wa dirishani mnawaona? Hawa hawakosi hata kidonge kimoja." Tuliinamisha macho. Akadhani ni unyenyekevu.

CHANGAMOTO

Kwa kawaida hapa ndipo risala husema choo kimeharibika na barabara ni mbovu. Choo kimeharibika kweli, na barabara umeiona mwenyewe. Lakini changamoto yetu ni moja, na tumeificha kwa miezi kumi.

Jumatatu moja ya Machi mwaka jana alikuja Jepkosgei, muuza maziwa wa Kwanza, umri miaka ishirini na tisa. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka na pikipiki, akafungwa plasta wiki sita, damu ikaganda, akatibiwa ikaisha. Sasa ilikuwa imemrudia bila kuanguka popote, na daktari alimwambia huenda akameza dawa maisha yake yote. Aliandikiwa kidonge cha zamani. Kule alikotibiwa kipimo cha damu hakikuwepo, akaambiwa arudi kikipatikana. Alirudi mara tatu. Mara ya nne akaja kwenu.

Sista Kabura aliutazama mguu, akafungua daftari, akalifunga.

"Jepkosgei, tulimaliza kuandika watu Ijumaa. Mia moja na arobaini wametimia."

"Si uniweke tu hapo chini, Sista? Hata kwa penseli."

"Haiandikwi kwa mkono. Inaingia kwa kompyuta, inaenda Nairobi. Nikikuweka, watatutoa wote wawili."

Hatumlaumu Sista. Tulimwona akigeuka kutafuta kabatini kitu ambacho hakikuwemo. Jepkosgei alikuja akaketi mwisho wa benchi letu, mwili nusu ukiwa hewani, akijaribu kuvaa kiatu kilichokataa kuingia.

Bethwel ndiye aliyesema kwanza. "Kanisani tunafunga chakula siku moja kwa wiki, na hakuna mtu amekufa. Si tufunge na dawa?"

Tulipiga hesabu hapo hapo. Mtu mmoja anahitaji vidonge hamsini na sita kwa wiki nne. Kila mmoja wetu akifunga siku moja kwa wiki, anaokoa vinane. Saba mara nane ni hamsini na sita. Mgeni rasmi, hesabu ilikubali bila kubaki hata kimoja, nasi tukaichukua kuwa ni jibu la maombi. Phelista alikuwa na kopo la siagi kikapuni, amebebea karanga. Alizimwaga karanga kwenye leso, akapitisha kopo, na kila mtu akahesabu vinane vyake. Hakuna aliyeuliza kama damu nayo inajua kufunga.

Basi ndivyo ilivyokuwa kila kliniki. Tulipokea vikopo vyetu, tukaketi dirishani, kopo likazunguka, Jepkosgei akaondoka nalo. Vikopo vyetu vilirudi vitupu mkaandika tumemeza. Kwa mdomo hatukusema uongo. Mliuliza vimebaki vingapi, hamkuuliza vilikokwenda. Lakini tulijua mnachoandika, na tuliacha mwandike.

Julai wawili wetu walitoka. Mmoja alihamia Nairobi kwa mwanawe, mwingine vidonda vya tumbo vilianza kutoa damu mkamwachisha dawa. Kopo likapungukiwa vidonge kumi na sita. Agosti, Phelista alipolipitisha, Bethwel aliweka ishirini na vinne.

"Bethwel, hizi ni nyingi," Phelista alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ni zangu na za wale wawili."

"Kwa hivyo wewe utafunga siku tatu kila wiki?"

"Mama, si unaniona? Gumboot inaingia. Mimi nimepona bana, hii ingine nameza tu kwa adabu."

Phelista aliona. Wengine tulikuwa tunaongea habari za mbolea, lakini yeye aliona na alijua. Angeweza kumrudishia. Angeweza kutuambia tugawane upungufu huo. Lakini mfuniko ulikuwa mkononi mwake, na Jepkosgei alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu vyote viwili. Phelista akafunika kopo. Alilifunika hivyo Agosti, akalifunika Septemba, na Oktoba, na Novemba.

Novemba kliniki ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Bethwel alikuwa shambani akivuna. Alimwambia mkewe anakosa pumzi, akaketi juu ya gunia la mahindi, na hakuinuka tena. Ninyi mlisema ni donge lililofika kwenye pafu. Tulimzika Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Huko mazishini, nyuma ya jiko, wanawake wakiosha sufuria, Phelista alimweleza Jepkosgei jinsi kopo lilivyokuwa likijazwa tangu Agosti, na zile siku tatu za Bethwel. Alidhani mtu ana haki ya kujua. Jepkosgei hakulia. Alikwenda kwake, si mbali, akarudi na kopo.

"Mama Phelista, chukua. Hii saa hii si dawa tena. Nikimeza nitakuwa nakula mtu."

"Ni yako, mwanangu. Marehemu alishatoa."

"Najua alitoa. Ndiyo sababu siwezi."

Tumemwendea mara nne tangu siku hiyo, na mchungaji mara moja. Hajameza kidonge tangu asubuhi ya mazishi. Mguu umejaa tena. Tangu wiki iliyopita anakohoa, na akipanda kilima anasimama njiani ameshika mbavu. Maana ya hayo tunaijua, kwa sababu ninyi ndio mliotufundisha dalili zake kwa zile picha za ukutani. Tunamtazama tukijua, na hiyo ndiyo hali tuliyonayo.

Desemba mlimpiga picha Phelista na seremala wetu, Mbugua, mkakuta wote wawili wana madonge mapya. Mlishangaa. Mwezi huu Sista Kabura akatusomea barua yako. Ilisema kidonge kipya kimeshindwa kuwalinda hata wale wanaokimeza bila kukosa, kwa hiyo utafiti umalizwe, na serikali ishauriwe isikilete katika hospitali za kaunti. Ilitaja namba 087, mwanamume, Kwanza: alimeza dawa yote, akafa. Phelista alilisikia hilo akiwa ameketi dirishani, kopo likiwa kikapuni mwake.

Mgeni rasmi, kidonge hakikushindwa. Sisi ndio tuliokipunguza. Tulitaka kumwokoa mtu mmoja, na sasa watu wa kaunti mbili watanyimwa dawa kwa ajili ya vikopo vyetu vitupu. Hatujui mzigo wa namna hii unatuliwa wapi. Tumetafuta mahali pa kuutua, hapakupatikana, ndipo tukauleta kwako.

MAOMBI

Tunaomba uirudie ripoti kabla haijafika serikalini. Tunafahamu kwamba ukishasikia haya unaweza kutufuta wote watano, marehemu akiwemo, na kazi ya miaka miwili ikakuharibikia mkononi. Tufute. Tunastahili. Lakini usikifute kidonge.

Tunaomba namba 087 iandikwe upya. Hakumeza yote. Siku tatu kila wiki alimpa mwingine. Mjane wake ameketi safu ya mbele, mwenye kitambaa cheupe. Tulimweleza jana, kwa sababu haikufaa asikie kwa kipaza sauti. Alituomba jambo moja, kwamba tusiruke hata mstari.

Kwa Sista Kabura hatuna ombi ila msamaha. Alitusifu, tukamwacha atusifu.

Ombi la mwisho ni la leo, tena kabla ya chakula. Agizo lenu linasema dawa zote zilizobaki zirudishwe. Tumetii. Kopo la siagi liko mezani mbele yako, karibu na vyeti. Ndani mna vidonge thelathini na vinne, dawa ya siku kumi na saba. Kuanzia sasa ni mali ya utafiti. Si vyetu, wala si vya Bethwel.

Jepkosgei hayumo hemani. Yuko ndani, kwenye benchi la dirishani, mguu ameuegemeza juu ya ndoo, na spika ya upande ule tumeizima. Hajui tunasoma nini. Tulimleta kwa kumwambia kuna mgeni kutoka Nairobi anayeandika watu wapya, na huo ni uongo wetu wa mwisho, kama hutaufanya kuwa kweli. Apimwe kwanza, mapafu na mguu, maana sisi tumeona kukisia kunakomfikisha mtu. Kisha, kama dawa hiyo bado inamfaa, tunaomba umpe wewe kwa mkono wako. Uitoe kwenye kopo la siagi, uitie kwenye kikopo kipya chenye karatasi yenye jina lake. Umwambie imetoka Nairobi. Umwambie ni yake tangu mwanzo, na haijapita kwa mtu.

Kutoka kwetu amekataa. Kutoka kwako atameza.

Mungu akufikishe salama utokako, na akupe wepesi wa kufanya lililo zito. Ni sisi, Kikundi cha Damu Nyepesi, Kitale na Bungoma:

Namba 031.
Namba 044.
Namba 063, aliyesoma.
Namba 102.
Namba 087, hayupo.
Namba 141, tumeacha nafasi.