Mzee Ayamga Atubiga, Fundi Aliyewatoa Watoto Nje

Mzee Ayamga Atubiga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kulitumikia Shirika la Saidiana, hapa Jirapa, kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nina miezi mitano tu kazini tangu nimalize shule, kwa hiyo mengi nimewauliza waliokuwapo.

Saidiana ilianzishwa na watu watatu wenye ulemavu, wakikutana katika kibanda cha kupikia pito, pombe yetu ya mtama, siku ambazo pito haipikwi. Mwenyekiti alikuwa Mama Pogsaa, ambaye hakuwahi kutembea tangu utotoni. Mwaka 1991 walimwajiri Ayamga, kijana fundi baiskeli kutoka Bongo, mji wa Wafrafra, awaundie baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Ya kwanza aliiunda kwa baiskeli mbili kuukuu na kipande cha benchi. Ilipendeza sana, ila alisahau breki. Mama Pogsaa aliteremka nayo hadi sokoni, katikati ya wauza vibuyu.

"Ayamga," alisema akiwa bado amekalia vipande vya vibuyu vya watu, "mbio inazo. Sasa itafutie breki."

Lakini kazi iliyompa jina haikuhitaji spana. Siku hizo familia nyingi ziliwaweka ndani watoto wenye ulemavu. Watu wa shirika wakipiga hodi waliambiwa hakuna mtoto. Ayamga ni Mfrafra, na Wafrafra ni watani wetu sisi Wadagaaba. Yeye aliingia bila hodi.

"Enyi watumwa wangu! Mnaficha nini humo ndani, kichwa cha mbwa?"

"Mbwa mmewala mkawamaliza ninyi huko Bongo!" mama mwenye nyumba alijibu akicheka, maana mtani hafukuzwi. Kabla kicheko hakijaisha, Ayamga alikuwa ameshamwona mtoto na kutoa futi ya kumpimia kiti. Watoto zaidi ya mia mbili walitoka nje kwa njia hiyo.

Mara moja tu ilimharibikia. Mwaka 1999 alisikia kwamba kwa Bwana Boadu, fundi mwashi, yupo binti wa miaka tisa aitwaye Serwaa. Polio ilikuwa imedhoofisha miguu yake, na hakuwahi kupelekwa shule. Bwana Boadu alizungumza Kidagaare kama sisi, na mkewe ni wa hapahapa. Ayamga akaingia na maneno yake yaleyale.

"Mtumwa wangu! Umemficha nani?"

Kumbe Bwana Boadu ni Mwashanti. Kwao hakuna utani na Wafrafra, na kumwita mtu mtumwa mbele ya mkewe ni tusi lisilovumilika. Wakafikishana kwa chifu. Ayamga aliomba radhi kwa kondoo dume na chupa mbili za pombe kali ya jini, akapigwa marufuku kukanyaga ua ule.

Adhabu hiyo aliipokea. Kilichomnyima raha ni Serwaa. Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya miezi mitatu, na mwalimu mkuu alikwisha sema kwamba mtoto aliyevuka miaka tisa hatampokea darasa la kwanza. Mama Pogsaa alitaka kumtuma mtu mwingine.

"Nimeharibu mimi," Ayamga alisema. "Niacheni nitengeneze mimi."

Alihamisha meza yake ya kazi hadi ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Boadu. Ua ulikuwa wa Boadu, barabara ilikuwa ya wote. Kila siku ya soko alitengeneza baiskeli pale, bila kumtania mtu yeyote. Watu walikuja wakitambaa au wamebebwa, wakaondoka wakijiendesha. Dirishani palikuwa na kichwa kidogo kikitazama.

Siku tano kabla ya shule kufunguliwa, kichwa kile kikasema.

"Mzee! Foki ya gurudumu la mbele umeifunga kinyume!"

Bwana Boadu alitoka na mwiko wake wa saruji mkononi. "Anasema kweli?"

Ayamga alitazama kazi yake. "Anasema kweli, bwana."

"Basi ngoja aje akuoneshe."

Akamleta binti yake mwenyewe, mgongoni, akamketisha kando ya meza. Serwaa alifungua nati zote mbili bila kusaidiwa. Jumatatu alikwenda shule kwa baiskeli ileile. Mpaka leo Serwaa anasema Mzee alikosea makusudi. Nilipomuuliza Mzee, aliniagiza nikamletee oili.

Kuanzia Jumatatu, mkuu wa karakana yetu ni Serwaa Boadu.

Msimu wa kiangazi uliopita, Bwana Boadu alisafiri hadi Bongo na matofali yake, akamjengea Mzee Ayamga nyumba ya kustaafia. Walioiona wanasema haina ngazi hata moja. Mbele ina mteremko laini, na milango yake ni mipana kuliko kawaida. Majirani walipouliza sababu, Bwana Boadu alijibu kwamba binti yake atakuja kumsalimia Mzee mara kwa mara, na hataki abebwe.

Asante, Mzee Ayamga. Ukaishi humo kwa afya na furaha, na sisi sote tutakuja.