Mlango Uliokataa Rangi

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri, na aliye mezani asogeze sahani kando. Leo tunamkumbuka Bi Mwanapili binti Chirau, aliyefariki Jumanne, Msambweni.

Bi Mwanapili aliwatembeza wageni mtaa wa kale. Kwa miguu, nyumba kwa nyumba. "Ukiutazama mlango kwa jicho tu, hujauona," alikuwa akisema. Basi mgeni hupapasa nakshi kwa kidole, ua baada ya ua, mpaka apajue mahali patasi ya fundi ilipoteleza. Mlango wa mwisho ulikuwa wake. Aliuchonga babaye.

Ikaja Desemba ya mwaka wa sitini na tatu. Bwana Kahindi wa kamati ya mapambo akaamuru milango yote ipakwe kijani kwa sherehe za uhuru. Narudia: yote. Asubuhi Bi Mwanapili akapita mtaani, akakuta maua ya milango ya majirani yamezibwa. Rangi imeganda kwenye nakshi kama kamasi puani mwa mtoto. Kinyaa kikamshika, akatapika kando ya kisima. Bintiye, Biasha, ndiye aliyemshika kichwa.

"Kesho zamu yako, Bi mkubwa," Kahindi akamwambia. "Uhuru hauingii kwenye mlango mchakavu."

"Haya, mwanangu. Nitauandaa."

Akauandaa. Wavuvi hupaka mashua mafuta ya maini ya papa ili mbao zisioze. Bi Mwanapili aliagiza debe zima, lililokuwa limekwisha kuchacha juani siku tisa, akausugua mlango kwa matambara mpaka kila tundu likashiba.

Wasikilizaji wapendwa, nzi walikuja kutoka mbali hata Galu. Wapaka rangi walifika wameziba pua. Wakapaka, rangi ikateleza. Wakapaka tena, ikateleza tena, ikatua juu ya viatu vya Bwana Kahindi.

"Bi mkubwa, kumeoza nini hapa?"

"Hakujaoza kitu. Karibu ndani, chai iko tayari."

Hakuingia. Mlango haukupakwa rangi. Narudia: haukupakwa.

"Tulikula chakula uani miezi miwili," anasema Biasha. "Mama peke yake ndiye aliyekula ukumbini, tena akaongeza wali."

Jumatano jeneza lilitoka kwa mlango huo. Kila mbebaji alipapasa nakshi kwa mkono uliobaki, kisha akanusa vidole. Bado vinanuka. Hakuna aliyekwenda kunawa.

Biasha na jamaa wote, makiwa. Nawe msikilizaji uliyeuacha mlango wa babu yako ukapakwa kijani, tafakari. Ukimaliza kutafakari, tafuta kijiti, ukaanze kukwangua.