Ua la Mwezi wa Tano na Kalamu Nyekundu ya Mzee Yakubu

Tarehe 31 Desemba 2024, saa kumi kamili za jioni, Mzee Yakubu Mahamudi atafunika kalamu yake nyekundu na kurudi nyumbani kwake Mabanga, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kuwasahihisha watu wa Goma, wengi wao bila kuombwa. Imprimerie Mushale, nyumba yetu ya uchapaji, inaagana na korekteri wake mkuu, yaani mtu anayesoma kila karatasi kabla mashine hazijawashwa. Wateja wetu wanasikitika. Baadhi yao wanasikitika huku wakitabasamu.

Kwa desturi ya nyumba hii, mstaafu huulizwa anataka zawadi gani. Wa kwanza aliomba baiskeli, akapewa saa ya ukutani. Wa pili aliomba mabati, akapewa saa ya ukutani. Mzee Yakubu alipoulizwa, aliomba kitu kisichouzwa hata sokoni Birere. Aliomba kwamba katika kalenda yetu ya 2025, ukurasa wa mwezi wa tano, chini ya picha ya ua, neno tremblière lisiguswe.

Neno hilo ni kosa. Ua lenyewe, lile refu kupita mtu, lenye maua yaliyopanda bua kutoka chini hadi juu, kwa Kifaransa ni rose trémière. Tremblière haimo katika kamusi yoyote. Ukilisikiliza vizuri utagundua limezaliwa na tremblement, tetemeko, ambalo mtoto wa Goma analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na mimi ninayeandika haya, ninayerithi meza yake, nilikuwa nimeshaagizwa na mkurugenzi wetu, Mama Mukamugema, tunayemwita Mama DG: "Nishimwe, ile kosa itoke mwaka huu. Tunachekwa." Kazi yangu ya kwanza na zawadi yake ya mwisho zikagongana kwenye neno moja.

Turudi nyuma kidogo. Mzee Yakubu aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1991 kupanga herufi za risasi, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Baada ya miezi sita bosi wa wakati ule aligundua kwamba kijana wake haangalii anachopewa; anapanga kile ambacho mteja alipaswa kuandika. Badala ya kumfukuza alimpa kalamu nyekundu na kiti karibu na dirisha. Kiti kimebadilishwa mara nne tangu wakati huo, dirisha mara mbili, Mzee hakubadilishwa.

Alisahihisha kadi za arusi, hotuba, menyu, na tangazo la hospitali ya mifugo lililowaalika akina mama walete watoto wachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Mgombea mmoja alileta bango linaloahidi déroutes, maana yake vipigo vya aibu, wakati alitaka kuahidi des routes, barabara. Mzee alilisahihisha usiku wa manane wa kampeni, mgombea akashinda, barabara hatujaziona. Mzee alisema baadaye kwamba kama asingeligusa bango lile, angalau lingekuwa la kweli.

Barua yangu ya kuomba kazi aliirudisha ikiwa na alama kumi na moja nyekundu, na chini ameandika: "Aje Jumatatu." Inasemekana pia kwamba alisahihisha cheti chake cha ndoa kabla ya kutia sahihi, na kwamba karani alilazimika kuandika kingine. Kwa sababu hiyo sisi wa karakana tulikuwa tukimhurumia sana mkewe, Mama Sumaya. Tulijiuliza mwanamke huyo anaishi vipi na kalamu nyekundu mezani, na kama anaruhusiwa kumaliza sentensi.

Mwaka 2002 lava ya mlima wetu wa volkeno iliposhuka mjini na kupita karakanani kwetu, kila mtu alikimbia na kilicho chake. Mmoja alibeba mashine ya kuandikia, mwingine godoro, mwingine mbuzi ambaye hata hakuwa wake. Mzee Yakubu alitoka na kamusi kubwa ya Kifaransa kichwani, akavuka nayo mpaka, akarudi nayo baada ya siku tatu. Karakana ilikuwa imegeuka mwamba mweusi. Tulianza upya katika chumba cha kukodi, na kamusi ile iko mezani mpaka leo, bado inanuka moshi.

Sasa bustani. Mama Sumaya alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, kila mwezi alikwenda Bunagana. Mwaka 2009 mtawa mmoja wa huko, mteja wake, alimpa bahasha ya mbegu bapa, nyembamba kama vifungo vya shati la mtoto, akamtajia jina la ua. Mama Sumaya alirudi na bahasha, akamwambia mumewe kwamba anataka ua hili lisimame mbele ya mlango.

Ombi dogo, isipokuwa kwamba Mabanga kwa Kilingala ni mawe, na mtaa haukupewa jina hilo kwa mzaha. Ua hili lina mzizi mmoja unaozama chini moja kwa moja, na likishaota halipendi kuhamishwa. Mzee alichukua mtarimbo akavunja lava kila Jumapili kwa miezi miwili, mpaka akapata shimo la kumfika mapajani. Kisha akanunua udongo wenye rutuba wa Kibumba, magunia kumi na manne, yakateremshwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Majirani waliona shimo wakadhani anachimba choo, wakampongeza.

Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu, mapana, yenye vinyweleo, yamelala chini. Jirani yake, Mama Kahambu, aliomba kikapu akayapika. Yaliteleza kama mlenda, watoto wake wakagoma, naye akashauri yang'olewe yapandwe maharage. Mzee alimjibu kwa utulivu wa mtu wa kazi yetu: "Iyi maua haiko na haraka. Mwaka ya kwanza inasoma, mwaka ya pili inaandika." Mwaka wa pili yaliandika kweli. Mabua yalipanda juu ya ukuta wa mabati, yakafunguka kuanzia chini, mekundu, ya waridi, na moja jeusi kama divai ambalo watu walisimama njiani kulitazama.

Mzee aliyatunza kama anavyotunza kurasa zetu. Kila asubuhi aligeuza majani kutafuta madoa ya kutu, ugonjwa unaopenda maua hayo, na lolote lenye doa alilikata akalichoma. Alifunga kila bua kwenye kijiti ili upepo wa ziwa usilivunje. Mbegu alizikausha juu ya gazeti, baada ya kulisahihisha gazeti.

Mama Sumaya alifariki mwaka 2018. Mzee alirudi kazini siku ya nne. Tulikuwa tumemchapia kadi ya rambirambi yenye majina yetu sote. Aliisoma, akachukua kalamu, akasahihisha majina mawili, akatushukuru. Tulicheka kidogo, kisha tukaona haya.

Mwishoni mwa mwaka huo huo alileta picha ya maua yake kwa ajili ya kalenda ya 2019. Chini ya picha aliandika: Rose tremblière, Goma. Nililiona kosa siku hiyo hiyo, nikalipigia mstari kwa furaha kubwa, kwa sababu kumkamata Mzee Yakubu na kosa ni jambo la kumhadithia mjukuu. Mstari wangu aliufuta kwa blanko, ile rangi nyeupe ya kufutia. Mwaka uliofuata nikapiga mstari tena, blanko ikarudi. Tulikubaliana karakanani kwamba uzee umeanza, na tukanyamaza kwa heshima, ingawa hatukunyamaza sana.

Kisha ikaja tarehe 22 Mei 2021. Mlima ulitema moto, na baada ya moto ardhi ikatetemeka siku baada ya siku. Katika nyumba nyingi za mji huu, ukutani, kalenda yetu ilikuwa imefunguliwa kwenye mwezi wa tano, na chini ya ua limeandikwa tremblière. Watu wakaunganisha mambo. Wakasema muzee wa Imprimerie Mushale alijua tangu mwaka jana, akaonya kwa siri kupitia ua. Kosa la chapa likapandishwa cheo, likawa utabiri.

Tangu hapo Mama Kahambu, aliyeshauri maharage, ndiye mlinzi wa bustani. Kila asubuhi hufika kwenye ukuta akiwa na godoro lake: "Muzee, maua inatetemeka! Nifunge matela?" Naye humjibu: "Mama Kahambu, ni upepo ya ziwa tu. Weka matela chini." Ua lenye urefu wa mita mbili hutetemeka kila kukicha, kwa hiyo mama huyu amekwishahamia mji wa Sake mara tatu bila sababu yoyote, na kila mara amerudi na kabichi.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa biolojia alituandikia barua ya kurasa mbili kulalamikia neno hilo. Barua ilikuwa na makosa saba, lakini kuhusu ua alikuwa sahihi, ndipo Mama DG akatoa amri. Wiki ya kwanza ya Desemba, kalenda ikiwa imechelewa kama kawaida yake, nilikwenda Mabanga na ukurasa wa mwezi wa tano mkononi. Nilikuwa nimeshaandika trémière kwa wino mwekundu. Nilihitaji tu sahihi yake kwenye bon à tirer, ile ruhusa ya mwisho ya kuchapa, na nakiri nilikuwa nimejiandalia hotuba fupi kuhusu heshima ya taaluma.

Hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyochakaa, ile aliyorudi nayo Mama Sumaya kutoka Bunagana. Juu yake, kwa Bic ya bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, imeandikwa: roze tremblière. Akaniambia: "Ni muandiko ya bibi yangu. Alikuwaka anaiita vile tangu siku ya kwanza. Nilikosoaka bantu yote ya hii muji, Nishimwe, ila yeye hapana, ata siku moya. Kama ningemukosoa, hangeitaja tena mbele yangu."

Hotuba yangu niliirudisha mfukoni. Yule mwanamke tuliyemhurumia miaka yote ndiye pekee katika Goma nzima aliyekuwa akizungumza apendavyo mbele ya Mzee Yakubu. Nilisimama pale kwenye udongo wa Kibumba, mimi na trémière yangu, nikaona aibu, na nikalia, kwa nini nifiche.

Kuna alama moja aliyotufundisha ambayo hatujawahi kumwona akiitumia: nukta chini ya neno, na pembeni "libaki", kumaanisha kwamba sahihisho lifutwe na neno libaki lilivyo. Alichukua kalamu yake, akaweka nukta moja moja chini ya tremblière, akatia sahihi. Nilimpelekea Mama DG ukurasa, nikamweleza. Akasema: "Basi. Bachape." Mwalimu wa biolojia atapata nakala ya bure.

Mzee Yakubu, asante kwa kila koma. Asante kwa kamusi yenye moshi, kwa "Aje Jumatatu", na kwa bahasha za mbegu ulizotugawia, ambazo zitatusubirisha miaka miwili kama ulivyotuonya. Saa ya ukutani utapewa tu, hilo hatukuweza kulizuia. Tunakutakia siku ndefu na zenye heri, magoti yasiyouma unapoinama, ardhi iliyotulia chini ya nyumba yako, na ua linalopita juu ya ua kila mwaka.

Karatasi za jarida hili la nyumba yetu nimezisoma mara tatu kabla ya kutia sahihi. Neno tremblière nimelikuta kila mara. Nimeweka nukta chini yake. Libaki.

Nishimwe, korekteri