Kichwa cha Dusty

Benchi liko mbele ya duka la chakula cha mifugo la Verna, kando ya barabara ya Kansas inayopita palipokuwa na kambi ya askari wapanda farasi. Ng'ambo ya barabara kuna jiwe la kimo cha kiuno: "Dusty, farasi wa Meja Pruitt. Hakuniangusha." Kila vuli watu huweka tufaha juu yake, na madereva wa malori hupiga honi wakipita. Asubuhi hiyo honi zilikuwa kimya, maana mashine ya kuchimba ilikuwa imeegeshwa palepale. Barabara inapanuliwa, na Dusty anahamishiwa kilimani nyuma ya kanisa. Orin alikuwa hajalala vizuri. Wazee wenzake wa kijiwe hicho cha benchini wanamwita Kwato, kwa sababu babu yake ndiye aliyekuwa akimpigilia Dusty viatu, na ndiye aliyemzika. Hadithi hiyo Orin ameisimulia maisha yake yote. Wakifukua wakakuta udongo mtupu, babu ataonekana mwongo, na yeye pamoja naye.

— Hamna farasi pale, alisema Mdachi, mfuga ng'ombe asiyeamini hata utabiri wa mvua. Shimo la kumtosha farasi mzima alichimba nani? Jeshi zima?

— Jeshi zima, ndiyo! akadakia Merle, waliyemwita Profesa kwa kuwa husoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Tena walimzika amesimama, na tandiko mgongoni.

— Amesimama? Hicho kisima, bwana, siyo kaburi.

— Haya, nikupe na siri. Pale chini yupo Meja. Dusty ndiye aliyelazwa kwenye makaburi ya jeshi, akapigiwa mizinga.

— Acha kamba, Profesa!

— Kaburi la Meja kule lina urefu wote ule wa nini? Nenda kapime!

Verna alicheka hadi kahawa ikamwagika. Kwato hakucheka.

— Kwato, sema basi, Verna akamhimiza. Babu yako si alikuwepo?

— Alikuwepo. Alimlilia Dusty kuliko alivyomlilia mama mkwe wake.

— Na bibi yako alilimeza hilo?

— Mpaka anakufa, hakulimeza.

— Ila babu yako naye, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu, Mdachi alisema. Watu wote tunaweka tufaha juu ya jiwe, yeye alikuwa anaacha lake kule nyuma ya jiwe, mtaroni.

— Mgongo ulikuwa unamuuma, Kwato akajibu, kama alivyojibu miaka yote. Aibu hiyo aliijua tangu utotoni. Babu akishaondoka, alikuwa akirudi kimyakimya, analiokota tufaha na kuliweka juu ya jiwe kama watu wengine.

Mwendesha mashine akavuka barabara kuja kununua kahawa. Alikuwa binti aitwaye Marisol, helmeti kwapani.

— Samahanini, wazee wangu. Kichwa kiko upande gani?

— Kichwa cha nani?

— Cha farasi. Nyumbani tulikuwa nao. Nataka nianzie miguuni, nisije nikamgonga usoni.

Mdachi alikodolea macho buti zake. Profesa alichungulia kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Wote walikuwa wamebishana kama yupo. Hakuna aliyewahi kujiuliza amelalaje.

Kwato alikuwa anamwona babu akilini. Anamwona anashika kiuno, anagugumia, anainama mpaka chini kabisa, analilaza tufaha taratibu kwenye majani. Mwenye mgongo mbovu angeliacha juu ya jiwe. Uvivu gani ule?

— Kule nyuma, akasema. Kichwa kiko mtaroni.

— Una uhakika, mzee?

— Babu alikuwa anamlisha.

Marisol akaanzia upande wa barabara, polepole. Kiatu cha chuma kilipochomoza, alizima mashine, akashika sepetu. Amelala ubavu, hana tandiko, na mwishoni kabisa, chini ya majani ya mtaro, likatokea taya na meno yake makubwa ya manjano. Mdachi alivua kofia bila kuambiwa.

— Verna, nipe tufaha, mama, Kwato alisema.

Akapita jiwe bila kuligusa. Kisha akainama, mgongo wake mwenyewe ukimuuma kwelikweli, akaliweka chini.