Fundi Aliyeng'oa Sindano

Familia iliombwa wasifu huu uwe mfupi na usiguse mambo ya kazini. Utakuwa mfupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, kitinda mimba wa fundi saa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Treni ilipopita, vikombe vililia kabatini, na baba yake alingoja itokomee ndipo aiguse saa ya mtu.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1975 akahitimu chuo cha ufundi katika fani ya elektroniki. Mwaka huohuo aliajiriwa na kituo cha redio, chumba cha santuri. Kazi yake ilikuwa kufunga na kutunza vichwa vya sindano: kuhakikisha sindano imesimama wima, mkono unaoibeba hauilemei, na ncha inafagiliwa kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kidole. Watangazaji walimwita Mama Sindano. Aliyepuliza vumbi kwa mdomo aliambiwa, "Mwanangu, hiyo ni santuri, si chai ya moto."

Mumewe, mpiga tarumbeta, alifika pale na mashine yake mwenyewe ya santuri, sarafu ikiwa imegandishwa juu ya mkono wa sindano.

"Hili jiwe la nini?" marehemu alimuuliza.

"Ilikuwa inaruka, dada."

"Inaruka kwa sababu imechakaa. Mgonjwa akichechemea unamtwika gunia?"

Kesho yake mpiga tarumbeta alirudi bila mashine. Walifunga ndoa tarehe 2 Agosti 1980.

Mwaka 2004 uongozi uliamua santuri zote zinakiliwe kwenye kompyuta kabla ya sherehe za kituo. Nyingi zilikuwa nakala pekee, na waimbaji wake walishazikwa. Sindano zilikuwa zimechakaa, mpya hazikununuliwa, na waliopewa kazi waliongeza uzito ili zisiruke. Sindano iliyochakaa huota kingo kama patasi. Ukiilemea haiisomi santuri, inaichonga. Marehemu aliwaonyesha unga mweusi uliobaki kwenye ncha. Mkurugenzi alimjibu mbele ya watu: "Mama, msikilizaji anasikia wimbo, hasikii sindano."

Jioni ile aling'oa vichwa vyote na kwenda navyo nyumbani. Asubuhi alisema mwenyewe viko wapi, na kwamba vitarudi siku sindano mpya zitakapofika. Walifika askari. Vichwa vikachukuliwa, kazi ikaendelea, na leo kinachosikika ni mikwaruzo yenye wimbo ndani. Waliochonga santuri walipanda vyeo. Aliyewazuia alifukuzwa kwa wizi.

Hakuomba kurudishwa kazini. Aliwaomba wakurugenzi waliofuata, mmoja baada ya mwingine, neno "mwizi" lifutwe kwenye faili lake. Walimsikiliza kwa adabu sana, na halikufutwa.

Mwaka 2021 mikono ilianza kutetemeka. Masikio yalibaki mazima. Aliposikia santuri ya jirani ng'ambo ya ukuta alimwambia binti yake, "Nenda kamwambie abadilishe sindano. Huyo mwimbaji namjua, hana kithembe." Alifariki nyumbani tarehe 14 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake.

Jana kituo kilileta shada lenye utepe ulioandikwa "Mlinzi wa Hazina Yetu", pamoja na ombi la mkurugenzi wa sasa kuzungumza hapa. Mume alilipokea shada. Kuhusu hotuba alimwambia mjumbe: "Nafasi ipo, ndugu yangu. Aje aseme hakuiba, basi. Likimwia zito, viti viko kule nyuma." Hadi wasifu huu unachapwa, jibu halijaja.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, dada yake mkubwa na mashemeji.

Kwa kuwa wenye kulisema hawajalisema, tunalisema sisi wanawe, mbele ya kaburi lake: mama yetu hakuiba. Sasa apumzike kwa amani.