Mama Hakuifunga Mvua

Ndugu waombolezaji, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Mjomba ameniomba nisome taratibu, na yale ya madirisha niyaruke. Kusoma taratibu nitajitahidi, kuruka siruki.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa tatu wa dereva wa trekta na mkewe mshonaji, na bibi alisimulia kwamba mkunga alichelewa kwa sababu barabara ilijaa maji, jambo ambalo wajukuu wa leo wanadhani ni utani. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, sekondari mwaka 1979, akasomea utangazaji, na tarehe 2 Februari 1982 akaajiriwa na kituo cha redio cha hapa mjini, akisoma utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio, ambaye kila redio aliyoitengeneza aliijaribu kwa sauti ya mama, mpaka siku moja akafunga kibanda akaenda kumtafuta mwenye sauti. Walijaliwa watoto watatu, na baba alitangulia mwaka 2011.

Mvua zilipoanza kupungua, mama alisoma kile alicholetewa na wataalamu, chini ya wastani, msimu baada ya msimu, na wasikilizaji, badala ya kupanda mtama kama walivyoshauriwa, wakaanza kumnong'ona. Machi 2019 mkulima mmoja alipiga simu kipindi kikiwa hewani, akasema, "Wewe mama, kila ukifungua mdomo mawingu yanakimbia, umeifunga mvua wewe!" naye akamjibu akicheka, "Mwanangu, mimi nasoma tu, mvua siipiki mimi."

Hamkucheka. Jumapili iliyofuata mlikuja na mawe, nasema mlikuja kwa kuwa wengine nawaona hapa mmeketi viti vya mbele, mkavunja madirisha yote ya sebuleni, mama akiwa chini ya meza amemkumbatia mjukuu wake. Wakubwa wake wa kazi, badala ya kumtetea, walimtoa studio wakamweka mapokezi, na nafasi yake wakampa mtangazaji mwenye sauti tamu aliyeambiwa awape watu moyo, akawaahidi mvua nzuri, mkapanda mahindi, yakaungua yote shambani, na hakuna aliyemrushia yeye hata kokoto.

Mama alistaafu mwaka uleule akiwa na shinikizo la damu, tarehe 11 Juni 2021 akapata kiharusi kilichomnyang'anya usemi, akauguzwa nyumbani na hospitalini, na tarehe 18 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Tunamshukuru daktari wa wodi ya wanawake na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kununa, wafanyakazi wenzake wawili waliokuja kumwona bila kutumwa, na jirani yetu muuza mkaa, aliyelala barazani kwetu mwezi mzima baada ya yale mawe, panga mapajani. Ninyi wengine, michango yenu tumeipokea.

Ni miaka minne mama hajatamka neno kuhusu mvua, na jana kaburi lake lilichimbwa kwa sururu, maana jembe liligonga likarudi. Semeni basi, nani ameifunga?

Pumzika kwa amani, mama. Wanao hatujasamehe, siku tukisamehe, tutakuja kukwambia.