Nilikuwa Nikiitikia Amina Tu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tusiojua kusema! Mimi ni mkulima wa chai na ndizi hapa Suma. Shule niliishia darasa la saba. Mnaonijua mnajua sijawahi kusimama mbele yenu. Leo nimesimama.

Mke wangu, mama Atupele, ndiye aliyekuwa akizungumza na Mungu nyumbani kwetu. Asubuhi aliomba yeye, chakula alikiombea yeye, mtoto akiugua aliomba yeye. Mimi niliitikia Amina. Nilidhani inatosha, na kwa kweli ilitosha, mpaka alipougua na kufariki mwanzoni mwa masika.

Mlijaa kwangu, mkapika, mkalia nasi. Kisha matanga yakaisha, mkarudi mashambani, kama ilivyo kawaida. Jioni ile nilipika ndizi mwenyewe, nikapakua, nikaketi na wanangu wawili. Atupele na mdogo wake Lusajo wakafumba macho. Wakasubiri. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Ndugu zangu, ningemwambia nini Mungu? Asante? Asante ya nini? Tulikaa hivyo mpaka ndizi zikapoa. Lusajo akafumbua jicho moja: "Baba, kwani umesahau?" Nikawaambia wale tu. Lusajo alikula. Atupele alikataa kula chakula kisichoombewa. Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, mtoto analala njaa, nami namtazama.

Dada yangu akaja kutoka Mbeya. Alipoona Atupele alivyokonda, akaanza kukunja nguo za watoto.

"Kaka, sikulaumu," alisema, "lakini nyumba imekuwa kimya kama stoo. Keshokutwa naondoka nao wote wawili."

Moyoni nilijua, watoto wakienda, mimi sitabaki mtu.

Kesho yake nilikwenda kwa mama Ambakisye, kiongozi wa jumuiya yetu. Nikamwambia ukweli: "Mama, siwezi kuomba. Na kushukuru ndiyo siwezi kabisa." Nilijua atanionya.

"Baba Atu," akasema, "nani kakwambia Mungu anataka hotuba? Hotuba tunazo za mchungaji, zinatutosha!" Kisha akashusha sauti. "Hujaambiwa ushukuru kwa kifo. Shukuru kwa ndizi. Ukishindwa, tupo."

Jioni alikuja na wanajumuiya wengine, kila mmoja na sahani yake, wakajibana jikoni kwetu. Dada yangu alikuwepo. Watoto wakafumba macho. Hakuna aliyenisaidia, wala hakuna aliyekohoa. Mwishowe nikasema kwa Kinyakyusa, lugha niliyolelewa nayo: "Ndaga, Tata." Kwa ninyi msiojua Kinyakyusa, maana yake ni: asante, Baba. Basi. Machozi yakanitoka, na wote wakaitikia Amina kwa nguvu, utadhani nimeomba saa nzima. Atupele akavuta sahani. Akala! Akaomba aongezewe!

Haleluya! Dada yangu alizirudisha nguo kabatini yeye mwenyewe, akarudi Mbeya peke yake. Na jumuiya haikutuacha. Kwa muda mrefu kila jioni aliingia mtu kula nasi, na siku niliposhindwa kusema, mgeni aliomba.

Sitawadanganya, ndugu zangu. Bado namlilia mke wangu. Kwa kifo chake sijashukuru mpaka leo, na Mungu anajua, maana nimemwambia. Hakunikasirikia. Usiku nalala. Wanangu wako nami, wanakua. Mungu ametutoa mahali ambapo nguvu zangu zisingetutoa, na amewatumia ninyi. Nawashukuru sana.

Sasa nasema na wewe uliyefiwa, unayeogopa kuja jumuiya kwa sababu huna la kusema. Mtumaini Bwana, njoo hivyo hivyo ulivyo. Kuomba tutaomba sisi. Wewe kaa, ule.